Ufunguo Kwenye Pindo la Kanga

Mimi kukaribisha mgeni sikufundishwa ukubwani. Nimezaliwa Tanga, kwenye nyumba ambayo mgeni akipiga hodi anakuta mkeka umeshatandikwa, maji ya kunawa yako kwenye birika, na watoto wamefukuzwa uani wasije wakampaka makamasi. Kwa hiyo niliposikia kwamba manispaa inamtuma mtu kuja kuikagua nyumba yangu ya Rosettenville, ninapolea watoto wa watu baada ya shule, sikutetemeka hata kidogo. Nilimwambia mume wangu, "Aje tu. Akitoka hapa atakwenda kuwahadithia wenzake."

Mume wangu ni fundi cherehani. Maneno yake machache, na karibu yote yanachoma. Akaniuliza, "Anakuja kula au anakuja kukagua?"

"Vyote viwili," nikamjibu.

Kazi hii sikuianza kwa mpango. Nilianza na mtoto mmoja wa jirani, aliyekuwa anakaa nje ya geti lao kila mchana akimngoja mama yake arudi kazini, jua linamchoma, begi mgongoni. Roho ikaniuma, nikamwita ndani nikampa chai na mkate. Haikupita wiki akaja na rafiki yake. Jiji hili la Jozi limejaa kina mama ambao kazi yao inaisha jioni na shule ya watoto inaisha mchana, na hapo katikati mtoto ni wa nani? Wakaanza kuniletea, Wakongomani, Warundi, Watanzania wenzangu. Kombi ya shule inawashusha getini, wanavua viatu, wananawa, wanakula, wanafanya kazi zao za shule kwenye meza ndefu aliyoipigilia mume wangu, halafu wanatoka uani kucheza chini ya mzabibu alioupanda Mreno mwenye nyumba. Wananiita Anti. Mimi nawasemesha Kiswahili, wao wananijibu Kiingereza, na wakigombana wanagombana kwa Kizulu. Tunaelewana vizuri tu.

Kumbe hapa watoto wakizidi idadi fulani lazima uwe na kibali, na kibali hakitoki mpaka mkaguzi aje aione nyumba kwa macho yake. Wangu walikuwa wamezidi. Kule ofisini niliambiwa bila kuzungushwa: nyumba ikipita, endelea, isipopita, watoto warudi makwao siku hiyohiyo mpaka uombe upya. Na kuomba upya kila mtu anajua kunavyochukua miezi.

Wengi wangepata pa kwenda, kwa shangazi, kwa jirani, popote. Wawili hawakuwa na pa kwenda. Walikuwa msichana wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa darasa la kwanza. Mama yao ni Mkongomani, mlinzi kwenye jengo la maofisi, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo. Wanakaa kwenye flati kule Joubert Park, ghorofa ya juu, na kabla hajanijua watoto walishinda humo peke yao. Msichana alikuwa na ufunguo wa flati shingoni, kwenye kamba ya kiatu. Wakitoka shule anafungua, wanaingia, anafunga kwa ndani, na amri ya mama ni moja: usimfungulie mtu yeyote, hata akisema nini.

Siku moja sufuria ya mtu iliungua ghorofa ya chini, moshi ukajaa ngazini. Watu wakatoka mbio. Jirani mmoja akagonga mlango wao, akapiga kelele watoke. Msichana hakufungua. Aliambiwa asifungue, basi hakufungua. Alimlaza mdogo wake chini, akaziba upenyo wa mlango kwa blanketi, akakaa. Bahati ilikuwa sufuria tu, moshi ukaisha wenyewe. Lakini mama yao aliporudi na kusikia, aliketi kwenye ngazi akiwa na yunifomu yake akalia. Kesho yake asubuhi akaja kwangu kabla sijafungua madirisha.

Tangu hapo hao wawili ni wangu kuanzia mchana mpaka jioni. Lakini ule ufunguo msichana hakuuvua. Anaandika nao, anaruka kamba nao, unadundadunda kifuani chini ya shati la shule. Sikumwuliza. Mtoto ana mambo yake.

Niliwaambia wazazi kuhusu ukaguzi, kila mmoja akaniombea heri. Yeye peke yake alinishika mkono. "Yaya," akaniambia, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili chao cha Kongo, "kama banafunga huku kwako, batoto yangu nitabapeleka wapi? Mu ile flati habatarudia tena peke yabo."

"Hawafungi," nikamwambia. "Unanijua mimi?"

"Nakujua, Yaya. Wao banakujua?"

Nilicheka. Nilikuwa na uhakika na nyumba yangu kama ninavyokuwa na uhakika na wali wangu. Nikajiandaa. Mtungi wa kuzimia moto nikaununua, ukatundikwa ukutani. Sanduku la huduma ya kwanza likajazwa. Dawa zikapanda kabati la juu na kufuli. Sabuni kila bomba, taulo kila mtoto na lake. Nikabandika ukutani ratiba ya chakula, Jumatatu mkate na tunda, Jumanne uji, hivyohivyo mpaka Ijumaa. Hapo ningeishia, ningekuwa nimemaliza. Lakini mtu wa Tanga haishii hapo.

Nilitazama sebule yangu kwa jicho la mgeni nikaona aibu. Meza ndefu ina madoa ya wino. Ukutani michoro ya watoto, simba mwenye miguu sita, Anti mwenye kichwa kikubwa kuliko nyumba. Nikasema hapana, mgeni hawezi kukuta haya. Michoro nikaibandua. Meza nikamlazimisha mume wangu aibebe hadi gereji, na mikeka nyuma yake. Nikarudisha makochi ya heshima na vitambaa vyake vya kufuma, nikatandika zulia jekundu, nikalisogeza mbele kabati la vioo lenye vikombe vya harusi yangu, kile kitu ambacho watoto hawaruhusiwi hata kukipumulia.

Mume wangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Unaozesha au unakaguliwa?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Umesahau?"

"Sijasahau. Na mficha uchi hazai, hilo nalo usilisahau." Akaenda zake dukani kwake.

Wivu tu, nikajisemea.

Siku yenyewe niliamka kabla ya jua. Nikakaanga sambusa, nikapika visheti, nikamimina mkate wa kumimina, chai ya maziwa nikaitia iliki mpaka jirani akakohoa. Mkaguzi aliahidi kuja asubuhi, wakati watoto wako shule, na mimi nikalipenda hilo kwa sababu nyumba ingekuwa kimya na safi. Nikaoga. Nikavaa dera jipya na kanga mpya, doti niliyotumiwa na dada yangu. Ile kanga yangu ya bluu ya kazi, niliyokuwa nimejifunga tangu alfajiri, ilinuka vitunguu na mafuta. Nikaitumbukiza kwenye ndoo ya sabuni bafuni.

Hapo ndipo kosa lilipotokea, na sikujua. Sisi wanawake wa pwani kabati letu la siri ni pindo la kanga. Bibi yangu alifunga humo ufunguo wa stoo, mama yangu alifunga humo hela ya samaki, na mimi katika Jozi hii nafunga humo ufunguo wa geti la chuma la mlango wa jikoni. Huku kila mlango una geti la chuma, na vibaka wa kichochoro cha nyuma wameshaingia nyumba mbili mtaani kwetu. Kwa hiyo geti la jikoni nalifunga saa zote. Watoto wakitaka kutoka uani wananivuta kanga, nafungua fundo, nafungua geti, nafunga tena. Mkono wangu unalijua lile fundo bila mimi kufikiri. Na siku ile mkono ulivua kanga pamoja na fundo lake.

Asubuhi ikapita. Saa sita mkaguzi akapiga simu: umeme umekatika mjini, robot, taa za barabarani, zote zimezimika, barabara zimefungamana, atachelewa. Atachelewa mpaka saa ngapi, hakujua. Kombi ya shule ikafika kabla yake.

Watoto waliingia wakasimama. Waliangalia zulia, waliangalia kabati, wakatafuta meza yao hawakuiona. "Anti, nani amekufa?" mmoja akauliza.

"Hajafa mtu! Kaeni kwenye makochi. Msiguse kitu. Msiongee. Mgeni anakuja."

Wakajipanga kwenye makochi ya heshima, magoti pamoja, mabegi mapajani. Nikawasha mkaa, nikatia udi kwenye chetezo, nikakiweka katikati ya zulia. Moshi mzuri ukapanda. Hapo hapo kengele ya getini ikalia.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa huku, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, ubao wa kuandikia kwapani. Mlangoni alivua viatu bila kuambiwa. Nikampenda papo hapo. Kisha akaingia sebuleni, akakohoa, akakohoa tena.

"Mama, moshi huu ni wa nini?"

"Wa kukukaribisha wewe," nikamwambia kwa Kiingereza changu kilichosimama.

Akatazama makaa mekundu juu ya zulia, na mtoto aliyekaa hatua moja kutoka pale. Akaandika. Akaliendea kabati la vioo, akalisukuma kidogo kwa kidole, vikombe vyangu vyote vikalia kling. Akaandika. Nikamwonyesha sinia la vyakula. Akasema asante sana, lakini wao hawaruhusiwi kupokea kitu. Mgeni amekataa chakula nyumbani kwangu! Nilivumilia kwa sababu ya ubao ule tu.

Akawageukia watoto. "Hawa wanaumwa?"

"Hapana, wamekaa vizuri."

Akamwuliza mdogo wa yule msichana, "Kijana, leo umekula nini ulipotoka shule?"

"Hatujala," akasema, macho kwenye sambusa. "Hizo ni zako wewe."

Nilitamani zulia linimeze. Mama yule akatazama ratiba yangu ukutani, Jumanne uji, akatazama sinia, akatazama watoto wenye njaa waliokaa kama wako kwa daktari wa meno. Lakini hakuandika. Akaniuliza tu, taratibu, "Moto ukiwaka hapa sebuleni, watoto wanatokea wapi?"

"Jikoni," nikasema haraka. Hili nilikuwa nalo. "Mlango wa jikoni, moja kwa moja uani, mpaka kwenye mzabibu. Wanajua wote."

"Nionyeshe."

Tukaenda jikoni. Nikafungua mlango wa mbao, tukasimama mbele ya geti la chuma. Nikapeleka mkono kiunoni, kwenye pindo. Pindo jipya, limenyooka, halina fundo. Nikapeleka upande wa pili. Hakuna.

Niliogopa. Naomba niliseme wazi, maana mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nikavuta droo ya vijiko, nikafunga. Nikainua kopo la chumvi. Nikajifanya nakumbuka, nikafungua friji! Mama yule amesimama, kalamu juu ya ubao. Udi ulikuwa unatufuata kutoka sebuleni. Nikaona watoto wamesogea mlangoni mwa jikoni, na mbele yao yule msichana, amemshika mdogo wake mkono. Alikuwa analitazama lile geti lililofungwa, kisha moshi, kisha geti. Mkono wake mwingine ulikuwa kifuani, umebana ufunguo juu ya shati.

Huyu mtoto huwa hanijibu ila kwa Kiingereza. Siku ile alisema kwa lugha ya mama yake, "Anti, iko mu kanga ya bleu. Mu ndoo."

Akamwachia mdogo wake akakimbia bafuni, alikoiona alipokwenda kunawa. Akarudi na kanga inachuruzika sabuni sakafuni pote. Fundo lilikuwa limelowa na kukaza, vidole vikateleza. Sikuwa na la kufanya. Nikalishika kwa meno. Mbele ya manispaa, katika dera jipya, nikatafuna fundo la kanga mpaka likaachia, povu midomoni. Nikafungua geti. Upepo wa uani ukaingia, watoto wakapumua wote kwa pamoja.

Mkaguzi hakunicheka. Aliinama mbele ya msichana. "Umefanya vizuri. Na huo wa kwako ni wa nini?"

Msichana akautoa ufunguo chini ya shati. "Wa flati yetu," akasema, sasa kwa Kiingereza. "Nakaa nao. Kwa sababu mkifunga hapa, sisi tunarudi kule peke yetu."

"Na kule kukoje?"

"Kule hufungui mlango, hata mtu akigonga."

Mimi sikuwahi kuwaambia watoto kwamba nyumba inaweza kufungwa. Hata neno moja. Wazazi nilizungumza nao getini, watoto wakiwa uani. Kumbe miezi yote hiyo, akila uji wangu, akiruka kamba, akinichora na kichwa kikubwa, huyu mtoto alikuwa anakaa kwangu kama mtu anayesubiri kuitwa aondoke. Machozi yakanijaa na sikuyazuia.

Mama yule akavaa miwani, akaivua tena. "Eish," akasema. Kisha akasimama wima, akarudi kuwa mkaguzi. "Mama, sikiliza. Nikiandika nilichokiona leo, nafunga. Makaa chini, vioo visivyofungwa, geti lisilofunguka. Lakini naona mtungi uko sawa, dawa ziko sawa, choo ni kisafi kuliko changu. Na watoto wako wanajua ufunguo unakaa wapi kuliko wewe." Akagonga ukuta kando ya geti. "Piga msumari hapa. Mbali na mkono wa mwizi, karibu na mkono wa mtoto. Nitarudi, na sitasema lini. Nikirudi nataka kukuta watoto. Leo nimekuta wageni."

Maneno yale yaliniingia. Nilijibu ndiyo, Mama, na nilimaanisha. Alipoondoka nikawagawia watoto sinia lote, sambusa hazikubaki hata za mume wangu.

Jioni ile tulirudisha meza ndefu. Mume wangu hakusema kitu, na kutosema kwake kuliniudhi kuliko kama angesema. "Sema basi!" nikamwambia.

"Niseme nini?" akajibu. "Nilisikia umemaliza kufua kwa meno."

Tulicheka mpaka tukaiweka meza chini. Yeye akalifunga kabati la vioo ukutani kwa vyuma, mimi nikarudisha michoro, simba wa miguu sita nikampa nafasi ya mbele. Msumari nikaupiga mwenyewe kando ya geti. Nikamwita msichana aje anyooshe mkono tupime. Kisha tukafanya mazoezi: napiga sufuria kwa mwiko, mkubwa anamshika mdogo, msichana anachukua ufunguo, wote mpaka mzabibuni. Mara ya kwanza walicheka. Baadaye walifanya kimyakimya na kwa kasi, na mimi nilisimama jikoni nikajisikia fahari mpaka masikioni.

Mkaguzi alirudi mchana mmoja ambao nilikuwa nimejifunga kanga ya bluu, unga mpaka kwenye viwiko, watoto wawili wanagombea rangi ya kijani kwa Kizulu, mmoja analia hesabu. Sikuvua kanga. Sikuficha kitu. Alivua viatu, akatazama meza, akatazama michoro, akauliza kichwa kile kikubwa ni cha nani. Kisha akachukua sufuria na mwiko mwenyewe, akapiga.

Watoto waliinuka. Penseli zilianguka, hakuna aliyeinama kuziokota. Msichana alinyoosha mkono bila kutazama, ufunguo ukatoka msumarini, geti likafunguka, na kabla mama yule hajaweka mwiko chini walikuwa wote chini ya mzabibu, mikono imeshikana. Aliwatazama kupitia geti lililo wazi. Akatia saini hapohapo, juu ya meza yenye madoa ya wino. Akanong'ona kwamba kazi imekwisha sasa, na kama kuna kisheti kimebaki, yeye hajakiona kikiingia kwenye mkoba wake.

Mama wa wale wawili alifika jioni na yunifomu yake. Nilimwambia mlangoni: tumepita. Aliegemea ukuta, akafunga macho, akasema "Asante, Yaya," mara nyingi, kwa sauti ile ndogo. Mimi nikamwambia si nilikuambia? Nilistahili kusema hivyo, nikasema.

Msichana alikuwa mezani anamalizia hesabu. Alisikia yote. Akainuka, akaja jikoni nilipokuwa naosha sufuria, akasimama karibu na geti.

"Anti," akasema, "bado una msumari?"

Alikuwa ameshavua ile kamba ya kiatu shingoni. Nilitazama kule alipokuwa mama yake. Mama yake aliweka mkono mdomoni, akanikubalia kwa kichwa. Nikajifuta mikono kwenye kanga, nikatafuta nyundo, nikapigilia msumari mwingine chini ya ule wa kwanza, usawa wa mkono wake. Akautundika ufunguo wa flati, akautazama kidogo kuona kama unakaa, kisha akarudi kumalizia hesabu zake.